Riziki ya mchungaji hutoka mfuko wa nani?

Msimu wa mavuno ukifika, makanisa mengi ya Karatina, Othaya na Nyeri mjini hugeuka soko kwa saa kadhaa. Waumini huleta mikungu ya ndizi, kabeji, maziwa, pengine mbuzi. Ibada ikiisha mnada huanza, na jogoo mmoja aweza kuuzwa mara tatu kwa kuwa kila anayemnunua humrudisha. Siku hiyo watu hucheka na kutoa. Manung'uniko huja Jumapili za kawaida, nambari ya paybill ikionyeshwa ukutani na Malaki 3:10 ikisomwa tena.

Aya hiyo imetumikishwa kupita kiasi. Ghala linalotajwa pale lilikuwa la chakula, hekaluni Yerusalemu, na walaji wake walikuwa Walawi, kabila lisilogawiwa nchi kama mengine. Kwa mujibu wa Hesabu 18, zaka ilikuwa urithi wao mahali pa ardhi, nao walipaswa kutoa sehemu ya kumi ya hiyo zaka kwa makuhani. Mtu wa Mukurwe-ini, ambako vipande vya shamba vimegawanywa hadi vikawa vishoroba, haelezwi mara mbili maana ya kukosa urithi wa ardhi. Soma kisha Nehemia 13. Walawi hawakupewa fungu lao, wakaacha huduma wakaenda kulima. Nehemia hakuwalaumu wao; aliwagombeza wakubwa, akarudisha zaka ghalani, akaweka watunza hazina walioaminika wagawe. Hilo la watunza hazina halihubiriwi sana.

Kanisa la Agano Jipya halina Walawi, lakini msingi umebaki. Katika Luka 10 Yesu anawaruhusu wale aliowatuma kula wanachoandaliwa, maana mfanyakazi anastahili ujira. Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anarundika hoja: askari, mkulima wa mizabibu, mchungaji wa mifugo, ng'ombe apuraye nafaka, wahudumu wa madhabahu. Mwishoni anasema Bwana mwenyewe ameagiza hivyo. Halafu, ghafla, anatangaza kwamba yeye haki hiyo hakuitumia. Huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila.

Kwa nini aitetee haki kwa nguvu hivyo kisha aiache? Wasomi wengi hutazama desturi za miji ile: mwalimu aliyelishwa na tajiri alihesabiwa kuwa mtu wa tajiri huyo. Mimi naona wako sahihi, kwa sababu Paulo huyo huyo alipokea msaada kutoka Makedonia bila wasiwasi. Shida yake haikuwa fedha. Alichungulia kamba iliyofungwa nyuma ya fedha.

Kamba hiyo Mlima Kenya waifahamu. Wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908, na kwa miongo mingi bajeti iliandamana na amri kutoka ng'ambo. Mwaka 1971, huko Milwaukee, Marekani, Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA), alitaka wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Jitegemea, neno lililokuwa wito wa kanisa lake, lilidai kwamba wanaofundishwa ndio wamtunze anayewafundisha. Wagalatia 6:6 husema karibu hivyo hivyo.

Siku hizi kamba hutoka kwa wanasiasa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa na kuahidi katika kanisa la Soweto, huko huko Nairobi. Harambee ya mheshimiwa hujenga paa haraka, hilo tusilifiche, ila baada yake mimbari husita kumgusa.

Tena kuna Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa. Humo nabii wa kweli anayekaa na watu hupewa malimbuko. Anayeomba pesa kwa ajili yake mwenyewe huhesabiwa mwongo.

Linabaki swali la Kieni, sehemu kame ya Nyeri. Mvua ikikosa upande ule, waumini hawana cha kumpa mchungaji, wala hawezi kuandikiwa posho sawa na mwenzake wa Nyeri mjini kwa mavuno yao peke yao. Ndiyo maana makanisa mengine hukusanya fedha za parokia zote pamoja, na parokia za mjini hulalamika kila bajeti inaposomwa. Kanisa moja kugharimia huduma ya kwingine si jambo jipya: Wafilipi, watu wa Makedonia, walimtumia Paulo riziki akiwa anafundisha kwingine, na makanisa ya Makedonia, kwa maelezo ya 2 Wakorintho 8, yalikuwa katika umaskini mkubwa, ilhali Korintho ilikuwa mji wa biashara ya bandari.