Fahamu: Je, diski ya kompyuta ya zamani itawaka kwenye mpya?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayenunua kompyuta nyingine kwa sababu hiyo hujiuliza: nichomoe tu diski ya zamani niihamishie humo?

Jibu fupi
Mafaili, ndiyo. Mfumo endeshi, ni bahati nasibu.

Kwa nini hugoma
Mfumo huwa umezoea ubao mama wake na draiva zake. Windows 10 hujitahidi kutafuta draiva mpya. Windows XP mara nyingi iliishia kwenye skrini ya buluu. Kikwazo kigumu zaidi ni namna ya kuwaka: diski nyingi za enzi za BIOS, programu ya zamani ya kuwasha kompyuta, zimegawanywa kwa mtindo wa MBR, ilhali mashine za sasa hutumia mrithi wake, UEFI, inayotaka mtindo wa GPT.

Leseni
Iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye ubao mama. Haihami na diski.

Kabla ya kushika bisibisi
Nakili mafaili. Kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo, imewashwa, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila huo diski haifunguki ugenini. Njia isiyo na presha ni kusakinisha mfumo upya, kisha kuitia diski ya zamani kwenye kasha la USB na kuhamisha unachohitaji.