Mabingwa wa Kula Mweleka

Huku Busanza, upande wa Kanombe, si mbali na uwanja wa ndege wa Kigali, mtu anaweza asijue sentensi tatu za Kiingereza na bado akakusimulia filamu nzima ya The Rock, pamoja na vichekesho ambavyo Dwayne Johnson mwenyewe hakuvitamka. Sababu ni agasobanuye, filamu zinazosimuliwa juu kwa juu kwa Kinyarwanda, kazi iliyompa jina marehemu Yanga, yaani Nkusi Thomas, aliyefariki mwaka 2022. Katika filamu hizo watu wa kechi, yaani mieleka, hawakosekani, na ubishi nao haukosekani: ni mwanamieleka gani aliyeng'ara kuliko wote kwenye sinema?

Jibu linategemea unapima nini. Mimi napima kuanguka. Mwanamieleka wa kulipwa ana kazi mbili, kuanguka bila kuvunjika shingo na kumfanya mwenzake aonekane simba, na zote mbili ni uigizaji hata kabla kamera haijawashwa. Lakini tuanze na pesa, maana ndizo zinazoanzisha ubishi.

Kwa malipo, Johnson hana mpinzani. The Scorpion King ya mwaka 2002 ilimlipa dola milioni 5.5, na Guinness wakaiandika kuwa rekodi ya malipo kwa mtu anayeigiza mhusika mkuu kwa mara ya kwanza. Mwaka uliotangulia alikuwa ameonekana kwa dakika chache tu ndani ya The Mummy Returns. Kufikia 2020 Forbes walimweka kileleni mwa waigizaji wanaolipwa vizuri zaidi duniani, kwa dola milioni 87.5 za mwaka mmoja. Si haba kwa kijana aliyepanda ulingoni Novemba 1996 kwa jina la Rocky Maivia, akitabasamu kila wakati, na baada ya miezi michache watazamaji wakawa wanamzomea.

Jina lile la Maivia lilitoka kwa babu yake, Peter Maivia, Msamoa mwenye michoro mwilini iliyoshuka hadi magotini. Babu naye alipita kwenye sinema. Katika You Only Live Twice ya mwaka 1967, yeye ndiye dereva anayepigana na James Bond ofisini huko Japani, hadi Sean Connery anamkabili kwa kochi zima. Babu alipigwa, kama alivyolipwa apigwe. Miaka 35 baadaye mjukuu akawa steringi. Familia nyingine ya mieleka yenye historia ndefu kama hiyo ya sinema siijui.

Ukipima kwa mauzo ya tiketi, jina linabadilika. Furious 7 ya Johnson, ya mwaka 2015, ilikusanya kama dola bilioni 1.5. Dave Bautista yumo ndani ya Avengers: Endgame ya 2019, iliyokusanya karibu bilioni 2.8. Mtu atasema hiyo ni hesabu ya ujanja, kwa kuwa Bautista mle ndani ni mmoja katika jeshi zima la mashujaa, na atakuwa na haki. Mimi namhesabia kwa sababu nyingine. Alipoondoka kampuni ya mieleka ya WWE mwaka 2010 alifilisika kabisa kabla ya kupewa nafasi ya Drax katika Guardians of the Galaxy ya 2014, na tangu hapo amekuwa akitafuta nafasi ambazo misuli haisaidii kitu. Mtazame dakika za mwanzo za Blade Runner 2049: miwani midogo puani, chungu jikoni, mtu mkubwa anayezungumza polepole kama mganga wa kijijini. Hakuna mwanamieleka mwingine aliyeigiza vizuri kuliko hapo.

Kwa wingi wa filamu tuvuke hadi Meksiko. El Santo, jina halisi Rodolfo Guzmán Huerta, aliigiza filamu zaidi ya 50, karibu zote akiwa yeye mwenyewe, na kinyago chake cha rangi ya fedha hakikuvuliwa. Mchana alipigana mieleka, usiku akapambana na wanyonya damu, wanasayansi wendawazimu na maiti waliofufuka. Siku chache kabla ya kufa, Februari 1984, alikifunua kidogo kwenye televisheni. Alizikwa nacho.

Wasomaji wa Mombasa na Zanzibar, mliokulia kwenye kumbi za filamu za Kihindi, mtanidai Dara Singh, nami sina ubishi. Alikuwa bingwa ulingoni, akawa steringi wa King Kong ya 1962, akawa Hanuman katika tamthilia ya Ramayan, na mwaka 2003 akaingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India.

Kwa vyeo, hata hivyo, Jesse Ventura alifika mbali zaidi: gavana wa Minnesota kuanzia 1999. Arnold Schwarzenegger, aliyekuwa naye msituni katika Predator ya 1987, akaja kuwa gavana wa California. Filamu moja, magavana wawili, na jini mmoja kutoka angani.

Mwaka huohuo wa 1987 ndio wa André the Giant. Mfaransa huyu, aliyezaliwa 1946 na ugonjwa wa homoni ukamkuza bila kikomo, alitangazwa kuwa na futi 7 na inchi 4. Mwezi Machi, huko Michigan, Hulk Hogan alimwinua na kumbwaga mbele ya umati ambao waandaaji walisema ulikuwa watu 93,173, hesabu ambayo hadi leo inabishaniwa. Miezi michache baadaye ikatoka The Princess Bride, ambamo André ni Fezzik, jitu lenye huruma linalopenda vina. Jambo ambalo watazamaji hawakuliona ni mgongo wake. Ulikuwa umeharibika kiasi kwamba katika tukio ambalo Robin Wright anaangukia mikononi mwake, ilibidi binti huyo ashikiliwe kwa nyaya, kwa kuwa jitu hilo halikuweza kuubeba uzito wake. Alifariki Paris, Januari 1993, akiwa na miaka 46. Hogan aliyembwaga akajaribu kuwa steringi wa kweli, akatoa No Holds Barred na Mr. Nanny. Zitazame ukiwa na wageni wa kucheka nao. Tatizo lake lilikuwa kwamba hakukubali kamwe kuonekana mdogo.

Pambano refu kuliko yote, kwa hesabu yangu, ni la mwanamieleka Roddy Piper na mwigizaji Keith David katika They Live ya 1988: zaidi ya dakika tano wanatwangana kwenye kichochoro kwa sababu mmoja amekataa kuvaa miwani. Ninamhurumia msimuliaji wa agasobanuye anayelipata lile pambano. Baada ya dakika ya pili, maneno yote yamekwisha.

Na Afrika Mashariki? Hapa kuna kichekesho chenye uchungu. Kwa miaka mingi Wamarekani walimtazama Kamala, Jitu la Uganda, aliyepanda ulingoni peku, tumbo limechorwa nyota na mwezi, akisemwa kuwa alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Alianza kuwa Mganda huyo huko Memphis mwaka 1982, na alifariki 2020 jina hilo likiwa bado lake. Kwa urefu wa igizo moja simwoni wa kumpita, ingawa igizo lenyewe lilitudhalilisha. Waganda halisi wako Mukono, kwenye Soft Ground Wrestling, wanaorukiana juu ya ulingo wa udongo uliozungushiwa kamba na miti. Video zao zimezunguka dunia. Wanaanguka vizuri mno.

Kuanguka ndiko kunakonirudisha kwa Johnson. Mwaka 2019 Wall Street Journal liliandika kwamba mastaa wa Fast & Furious walikuwa wakilinda heshima yao kwa hesabu: Jason Statham kwa mkataba, Vin Diesel kwa dada yake aliyehesabu ngumi, Johnson kwa watu wake waliohakikisha kila pigo linarudishwa. Steringi hafi, hata kwa mkataba. Kisha mwaka 2025 akaigiza Mark Kerr katika The Smashing Machine, mpiganaji anayeshindwa Japani na kulia kama mtoto. Muongozaji Benny Safdie alipata tuzo ya Simba wa Fedha huko Venice. Tiketi za wikiendi ya kwanza Marekani zilileta takriban dola milioni 6, mwanzo dhaifu mno kwa filamu ambayo Johnson ndiye steringi. Ndiyo filamu yake bora, na ningeiweka juu ya zile za mabilioni bila kusita.