Kabla Tangazo la Kazi Halijabandikwa Getini

Shule ya umma nchini Kenya inapohitaji mpishi, bawabu au karani, haingoji Nairobi imtume mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa bodi ya usimamizi ya shule mamlaka ya kuajiri wafanyakazi wasio walimu, na katibu wa bodi hiyo ni mwalimu mkuu. Bodi hizo pia huajiri walimu wa kuziba pengo pale Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) isipoleta wa kutosha. Basi mtu aliyesomea kufundisha hisabati hujikuta akiandika tangazo la kazi, akipanga mahojiano na kutunza kumbukumbu zake. Mafunzo ya sheria kwa walimu wakuu, yawe ya Taasisi ya Usimamizi wa Elimu ya Kenya (KEMI) au ya kaunti, yanafaa kuanzia hapo, kabla tangazo halijabandikwa getini, wala si baada ya barua ya wakili kufika.

Chukua swali linaloonekana la huruma: “Mama, una mtoto mchanga, nani atabaki naye?” Anayeuliza huenda hana nia mbaya. Hata hivyo, kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, miongoni mwa mingine, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda hata anayeomba kazi tu. Tena sheria hiyo ina kipengele kinachowashtua wengi: madai ya ubaguzi yakifika mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Atathibitisha kwa tangazo lililotaja sifa za kazi yenyewe, kwa maswali yaleyale aliyoulizwa kila mtu, na kwa karatasi ya alama ambayo kila mjumbe aliijaza kabla ya kujadiliana. Bodi isiyo na karatasi hizo, hata kama ilichagua kwa haki kabisa, haina la kuonyesha.

Pingamizi zito hutoka kwa wenyeji. Shule tuliijenga kwa harambee, husema, kwa nini kazi ya jikoni apewe mgeni? Hoja hii si ya kubezwa. Mpishi anayewasha moto alfajiri afadhali akae karibu. Lakini kukaa karibu ni jambo moja, na kuwa wa kabila fulani ni jingine. Tangazo linaweza kudai mtu awe jikoni saa kumi na moja alfajiri, na yeyote anayeweza aombe. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja. Kijijini kiwango hicho ni kigumu kufikia, sikatai, ila katibu asiyekijua hawezi hata kuionya bodi yake.

Wapo pia wanaosema semina haimponyi mla hongo. Ni kweli. Lakini mla hongo hustawi pale wenzake mezani hawajui la kudai, kwa hiyo wajumbe wa bodi wafunzwe pamoja na mwalimu mkuu, kwa kusahihisha matangazo na kujaza alama, badala ya kusomewa vifungu kutwa nzima. Nawe mzazi unayeketi kwenye bodi, kabla hujatia sahihi jina la aliyeteuliwa, omba uone karatasi za alama za wote waliohojiwa.