Saa 30 za Finland hazitalipa karo

Wiki hii nimeulizwa tena. Mama kutoka Yamumbi ameketi mbele yangu, bahasha ya kaki mapajani, ndani yake hati ya shamba la ekari moja. Swali ni lilelile: "Mwalimu, nikilipa karo ya mwaka wa kwanza, si mtoto akifika Finland atafanya kazi ajilipie iliyobaki?"

Hapana, mama. Hatajilipia.

Uasin Gishu hatujasahau yaliyotupata. Mpango wa kaunti ulioanza 2021 uliwapeleka vijana Finland na Kanada. Wazazi waliuza ng'ombe na mashamba, wakaweka pesa kwenye akaunti ya mpango huo, na pesa za wengi hazikufika vyuoni. Agosti 2023 waliandamana mjini Eldoret, huku watoto wao wakikabiliwa na tishio la kufukuzwa masomoni kwa kudaiwa karo. Tangu hapo kila mzazi anajua kwamba karo hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Vizuri. Lakini wengi wanadhani wakishafanya hivyo wamemaliza, ilhali mwaka wa pili bado hauna mlipaji.

Sheria ya Finland inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki. Wakala anayewatafutia vijana vyuo huzidisha saa hizo kwa euro 12, akapata karibu euro 1,500 kwa mwezi, akazungushia duara kwa kalamu nyekundu. Nimeziona karatasi hizo. Ziko sawa kihesabu, na ndiyo maana zinaumiza watu. Saa 30 ni kikomo cha sheria. Hakuna mwajiri aliyeahidi kuzitoa. Dukani na kwenye nyumba za wazee wanataka mtu anayezungumza Kifini. Zinabaki kazi za usafi na za kusambaza magazeti alfajiri, nazo zinagombewa na Wafini wenyewe: mwaka 2025 ukosefu wa ajira ulipanda kufikia karibu asilimia 10. Binti anayesomea uuguzi, kozi inayopendwa zaidi na wazazi wa huku, hupangiwa wiki nyingi za mafunzo ya wodini, zamu nzima, bila malipo. Akitoka zamu ana mtihani wa kusoma. Saa 30 azitoe wapi?

Tangu Novemba 2024 anayeomba kibali cha kuishi Finland kama mwanafunzi lazima aonyeshe euro 800 za matumizi kwa kila mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka, karibu shilingi milioni 1.4. Karo ya vyuo vingi, kati ya euro 8,000 na 12,000 kwa mwaka, ni juu ya hapo. Kuna familia zinazokopa hizo 9,600, zikionekana benki zinarudishwa kwa mwenyewe. Nawasihi msifanye hivyo. Kijana anatua Tampere Januari, theluji magotini, na fedha zilizoonyeshwa kuwa za kodi ya chumba na chakula hazipo. Mwezi wa pili anampigia mamake aombe pesa za koti.

Sasa la kufanya, upesi. Kama karo ya mwaka wa pili haipo, ahirisheni safari. Ulizeni chuo kuhusu punguzo la karo kabla ya kukubali nafasi. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, ingawa ubalozi utataka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu. Mafunzo ya uanagenzi huko, uuguzi ukiwemo, hulipa posho tangu mwezi wa kwanza, mradi kijana awe na Kijerumani cha kutosha, nacho atajifunza akiwa nyumbani. Au asomee uuguzi hapa nchini, apate leseni, aondoke akiwa muuguzi kamili. Wakala wa kazi mhakikisheni kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akisema nafasi inafungwa leo jioni, ondokeni.

Mama yule amerudisha hati kwenye bahasha. Jumatatu atakuja na bintiye, tupige hesabu ya mwaka wa pili.