Tangi likifurika, anayeungua ni jirani: Safari ya petroli kutoka bandarini hadi Pinga

Hakuna bomba la mafuta linalopita Pinga. Katika mji huu mdogo wa Kivu Kaskazini, pale wilaya za Masisi na Walikale zinapokutana, petroli huja katika bidoni za plastiki zilizofungwa nyuma ya pikipiki au kupangwa juu ya mizigo ya malori. Barabara kutoka Goma hupanda Sake, ikapita Kitshanga na Mweso, na mvua ikinyesha inageuka tope. Vita navyo vimeifunga mara nyingi.

Mwisho wa safari hiyo mafuta humiminwa kwenye chupa na kupangwa juu ya meza kando ya njia, kwa wauzaji ambao kote Kongo huitwa kadhafi. Pikipiki za abiria, vinu vya kusagia mihogo na jenereta za vijiji vya ndani vinategemea chupa hizo. Usiku zinapoingizwa ndani, mara nyingi hulazwa chumba kimoja na watoto, hatua chache kutoka kwenye jiko la makaa.

Lakini kabla ya kuwa chupa ya Pinga, sehemu kubwa ya mafuta ya mashariki mwa Kongo huwa imepitia kwenye matangi makubwa ya nchi jirani. Hushushwa kutoka melini Mombasa au Dar es Salaam. Yanayopita Kenya husukumwa katika bomba lililoanza kazi mwaka 1978 kati ya Mombasa na Nairobi, na baadaye likaendelezwa hadi Eldoret na Kisumu. Kutoka huko malori ya matangi huyabeba kupitia Uganda hadi mipakani.

Katika kila kituo cha safari hiyo kuna swali moja ambalo ni lilelile kwa tangi la lita milioni kadhaa na kwa bidoni ya lita 20: nani anajua kwamba chombo kimekaribia kujaa, na nani atafunga kabla hakijafurika?

Asubuhi ya Sinai

Eneo hili linajua gharama ya mafuta yanayotoka mahali pake. Asubuhi ya Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye mitambo ya Kampuni ya Mabomba ya Kenya katika eneo la viwanda la Nairobi. Ilitiririka hadi kwenye mfereji wa maji machafu unaopita mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu walitoka na ndoo na madumu kuchota. Moto ulipowaka, ulifuata mfereji hadi kwenye nyumba zilizobanana karibu na njia ya bomba. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Mwaka mmoja kabla yake, Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Uvira huko Kivu Kusini. Ilikuwa jioni ya Kombe la Dunia na watu wengi walikuwa wamekusanyika kwenye vibanda kutazama mechi. Wengine walikimbilia mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Zaidi ya watu 200 waliangamia, wakiwemo watoto. Agosti 10, 2019, mkasa kama huo ulijirudia Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Goma yenyewe ilionja machungu hayo Januari 2002. Siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kupita katikati ya mji, kituo cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota petroli iliyobaki. Makumi walikufa.

Katika misiba hii ni rahisi kuwalaumu waliochota. Lakini mtu anayenunua petroli kwa chupa, kwa bei inayopanda kila kizuizi cha barabarani, akiona mafuta yanatiririka mlangoni pake haoni hatari kwanza, anaona chakula cha wiki. Kwa hiyo kinga ya kweli haiwezi kuanzia kwenye ndoo yake. Inaanzia juu, kwenye tangi, kwenye vali na kwa mkaguzi.

Kipimo kilichokwama

Mfano unaofundishwa zaidi duniani kuhusu tangi kujazwa kupita kiasi haukutokea Afrika. Ulitokea Buncefield, kaskazini mwa London, Jumapili ya Desemba 11, 2005.

Jioni ya siku iliyotangulia, petroli ilianza kuingia katika tangi namba 912 kupitia bomba. Kipimo cha kiwango kiliendelea kupanda hadi usiku wa manane, kisha saa tisa na dakika tano za usiku kikasimama. Kwenye skrini tangi lilionekana limetulia. Ndani, mafuta yaliendelea kupanda. Ving'ora vilivyotegemea kipimo hicho havikulia, kwa sababu kwa hesabu yao hapakuwa na tatizo.

Palikuwa na kinga ya pili: swichi ya peke yake juu ya tangi, ambayo kazi yake ilikuwa kukata mtiririko mafuta yakifika kiwango cha mwisho. Nayo haikufanya kazi. Ilihitaji kufuli dogo ili wenzo wake wa majaribio ubaki mahali pake, na kufuli hilo halikuwepo. Waliokuwa wakiitumia hawakuelewa umuhimu wake.

Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika kutoka juu ya tangi. Petroli ilipokuwa ikianguka ilitawanyika na kugeuka wingu la mvuke lililotambaa ardhini. Saa kumi na mbili alfajiri lililipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Hakuna aliyekufa, na sababu kubwa ni kwamba ilikuwa alfajiri ya Jumapili na ofisi za jirani zilikuwa tupu.

Jambo linalouma zaidi katika uchunguzi ule ni kwamba kipimo kile hakikukwama usiku huo tu. Kilikuwa kimekwama mara 14 tangu mwishoni mwa Agosti. Kila mara kilirekebishwa ili kazi iendelee, lakini chanzo hakikuondolewa.

Miaka minne baadaye, Oktoba 23, 2009, tangi jingine lilifurika kwa namna inayofanana katika bohari ya mafuta ya Bayamón, Puerto Rico, wakati meli ikishusha petroli usiku. Vifaa vya kupimia kiwango havikuwa vya kutegemewa, na moto uliofuata uliteketeza matangi 17.

Dakika ndizo zinazookoa

Kinga dhidi ya kufurika huanza na hesabu. Chukua tangi lenye kipenyo cha mita 20. Eneo la sakafu yake ni takriban mita za mraba 314. Bomba likiingiza mita za ujazo 550 kwa saa, mafuta hupanda karibu mita 1.75 kila saa, yaani sentimita 29 kila dakika 10.

Sasa tuseme zamu ya usiku inahitaji dakika 15 kusikia king'ora, kuthibitisha, kupiga simu kwa anayesukuma mafuta na kufunga vali. Katika muda huo mafuta yatakuwa yamepanda sentimita 44. King'ora kikiwekwa sentimita 20 chini ya ukingo, kitalia kwa uzuri kabisa na tangi litafurika vilevile.

Ndiyo maana mwongozo wa Taasisi ya Petroli ya Marekani kuhusu kujaza matangi, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, unataka viwango viwekwe kwa kufuata muda wa mwitikio. Kiwango cha chini ni cha kazi ya kila siku. Juu yake kuna kiwango cha king'ora, ambapo mafuta yanapaswa kusimamishwa. Juu kabisa kuna kiwango cha hatari, ambacho mafuta hayatakiwi kukifikia kamwe.

Kanuni ya pili ni kwamba mlinzi wa mwisho asitegemee jicho la mlinzi wa kwanza. Kama kipimo cha kawaida ni boya au rada, swichi ya dharura lazima iwe kifaa tofauti chenye waya wake. Na yeyote kati yao akinyamaza, kunyamaza huko kuhesabiwe kuwa ni hitilafu. Mpimaji anayepanda juu na kushusha utepe tangini bado ana nafasi yake, maana macho yake hugundua pale skrini inapodanganya.

Tatu, kuna ukuta unaozunguka matangi. Kwa kawaida hujengwa uweze kubeba asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa zaidi lililo ndani yake. Lakini vali ya kutolea maji ya mvua ikiachwa wazi, ukuta huo hauna maana: mafuta yatatoka kwa njia ya maji na kuingia kwenye mfereji wa mtaa.

Ukaguzi wa tangi lenyewe una ratiba. Viwango vinavyotumika katika nchi nyingi vinataka bohari ilitazame tangi kwa nje angalau kila mwezi kutafuta uvujaji, kutu, kuzama kwa msingi na rangi iliyobabuka. Mkaguzi mwenye cheti hulikagua kwa nje angalau kila miaka mitano. Baada ya kipindi kirefu zaidi, tangi huondolewa mafuta, husafishwa, na unene wa sakafu hupimwa, kwa kuwa kutu hatari zaidi hula chuma kutoka chini, mahali ambapo hakuna anayepaona.

Bidoni nayo ni tangi

Kongo ina sheria ya jumla ya hidrokaboni, namba 15/012 ya Agosti 1, 2015, na ina ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Lakini kadiri barabara inavyokwenda ndani, ndivyo mkaguzi anavyopungua. Pale ambapo bunduki ndiyo inayotoza ushuru, hakuna anayefika kupima unene wa tangi wala kuuliza chupa za petroli zinalala wapi.

Hata hivyo, fizikia ya Mombasa haibadiliki ikifika Pinga. Petroli hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Bidoni ya lita 20 iliyojazwa hadi mdomoni asubuhi ya baridi ya milima ya Masisi, kisha ikaachwa juani ikapata nyuzi 20 zaidi, hutafuta nafasi ya karibu lita 0.4 ambayo haipo. Mafuta yatapenya kwenye kifuniko, mara nyingi juu ya injini ya moto ya pikipiki. Anayeacha pengo la vidole vichache juu ya bidoni anafanya kazi ileile ya kiwango cha hatari kwenye tangi kubwa.

Mvuke wake nao ni mzito kuliko hewa. Haupandi kwenda darini, hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko, mshumaa au sigara. Kwa sababu hiyo, kuhamisha bidoni kutoka chumba cha kulala hadi kibanda cha nje chenye upepo, mbali na moto, kunaokoa watu kuliko kifaa chochote cha kununua. Bidoni ijazwe ikiwa chini ardhini, si juu ya pikipiki. Kumimina kufanyike mchana, kwa faneli, injini ikiwa imezimwa. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu, kwa kuwa maji hueneza petroli inayowaka.

Na lori likipinduka au mfereji ukitiririsha mafuta, viongozi wa mtaa, makanisa na redio za jamii wana kazi moja ya haraka: kuwarudisha watu nyuma kabla ya mtu wa kwanza kuinama na ndoo. Sange na Sinai zimeonyesha kwamba kati ya kuchota na kuungua hakuna muda wa kukimbia.

Bomba huenda lisifike Pinga kamwe. Lakini kila chupa iliyo juu ya meza ya kadhafi imepita chini ya king'ora cha mtu fulani, mahali fulani, usiku. Kufuli dogo lililokosekana Buncefield lingegharimu pesa kidogo kuliko bidoni moja ya petroli.