Unataka Kuomoka na Biashara Ukiwa Subukia? Usitafute Jengo, Tafuta Watu Hawa Kwanza

Ukiwa kijana wa Subukia na uko na aidia ya biashara, ushauri wa kwanza utapewa ni wa kupanda matatu. Enda Nakuru. Enda Nairobi. Huko ndiko watu wanaomoka. Basi unafunga begi, aidia inaondoka na wewe, na nyumbani kunabaki mahindi, maziwa, nyanya na mabroker.

Shida ni kwamba ukifika huko unapatana na kodi ya nyumba, fare ya kila siku na wasee wengine wengi wenye aidia kama yako. Hujui mtu na hakuna anayekujua.

Sasa form ni gani? Leo tunakuchanua vile wafanyabiashara wachanga hukua wakiwa kwao, na kwa nini mtu wa kukushika mkono ana maana kuliko ofisi yenye Wi-Fi.

Menta ni nani hasa?

Tuanze na vile hayuko. Menta si yule jamaa wa suti anakuja hoteli moja hapo town, anapiga stori ya vile alianza na soo mbili, mnapigwa picha, mnakula chapo, halafu anarudi Nairobi. Hiyo ni burudani. Ni poa, lakini Jumatatu shida yako bado iko pale pale.

Menta ni mtu ameshapita njia unayotaka kupita, na amekubali kukaa na wewe tena na tena. Anakuuliza maswali magumu bila kukudharau. Kusema ukweli, hii kitu si mpya. Ukienda jua kali yoyote utapata fundi na mwanafunzi wake. Mwanafunzi anashika spana, anaangalia, anakosea, anakemewa, na baada ya muda anafungua kibanda chake. Tofauti ni moja: fundi anakufunza mkono, menta anakufunza bei, wateja na hesabu.

Chukua mfano. Tuseme uko Kabazi na unataka kuuza yogati. Unanunua maziwa lita 20 kwa finje kila lita, hiyo ni 1,000. Gesi 150. Sukari na dawa ya kugandisha 200. Chupa 40 za nusu lita, kila moja shilingi 10, hiyo ni 400. Boda 200. Jumla 1,950. Unauza kila chupa 60, unapata 2,400. Unafurahi, umeona faida ya 450.

Menta mzuri atakuuliza swali moja tu: "Ngapi ziliharibika?" Ukisema nane, hizo ni 480 zimeenda. Faida yako imekuwa hasara ya shilingi 30, na bado hujajilipa hata ndururu. Hukuwa unajua, kwa sababu ulikuwa unahesabu chupa zote 40 kana kwamba zimeuzwa.

Halafu ataendelea. Umeongea na Kenya Dairy Board kuhusu leseni? Na KEBS kuhusu alama ya ubora, kabla hujafikiria supermarket? Unajua Egerton pale Njoro wako na Guildford Dairy Institute, ambayo kazi yake ni mambo ya maziwa? Dakika kumi na mtu kama huyo zinaweza kukuokolea miezi sita ya kubahatisha.

Kwani si pesa ndiyo shida?

Pesa ni shida, hakuna anayekataa. Lakini tangu Novemba 30, 2022, Hustler Fund imekuwa ikitoa mkopo kwa simu, hata ile ya mulika mwizi. Ilianza na mkopo wa kibinafsi wa kati ya shilingi 500 na 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, na unafaa kurudisha ndani ya siku 14. Pesa inaingia kabla hujamaliza chai.

Lakini simu haikuulizi ni chupa ngapi zimeharibika. Haikuulizi kama siku 14 zinatosha kwa mtu ambaye nyanya zake bado ni maua. Ukichukua doo kama hujui biashara yako inavuja wapi, umeongeza maji kwa mtungi wenye tundu.

Nairobi yenyewe haikuanza na jengo

Watu wengi wakisikia "kitovu cha teknolojia" wanafikiria jengo. Wacha tuangalie vile mambo yalienda.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiwa zimewaka, na huku Nakuru na Bonde la Ufa tunazikumbuka vizuri, kikundi cha wanablogu na mafundi wa programu kiliunda Ushahidi. Hiyo ilikuwa tovuti ya kuonyesha kwenye ramani mahali ghasia zinatokea. Walikuwa kina Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Ilichukua siku chache tu. Iliwezekana kwa sababu watu hao na wenzao walikuwa tayari wanasomana na kuongea mtandaoni. Nairobi pia ilikuwa na vikundi kama Skunkworks na mikutano ya BarCamp, mahali wapenzi wa kompyuta walikutana na kuonyeshana kazi.

iHub, ile nyumba maarufu iliyokuwa Ngong Road, ilifunguliwa Machi 2010. Angalia huo mpangilio. Watu kwanza, jengo baadaye. Mwaka 2019 iHub ilichukuliwa na CcHub ya Nigeria. Mwenye mlango alibadilika, lakini wasee waliojuania hapo bado wanapigiana simu.

Mwisho wa huo mwaka wa 2010, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka waliingia shindano la IPO48 na wakashinda shilingi milioni moja. Aidia yao ilikuwa M-Farm: mkulima anatuma ujumbe wa simu, anajua bei ya sokoni kabla broker hajamdanganya. Fikiria mkulima wa nyanya Waseges. Hiyo shida ilikuwa yake, lakini suluhisho lilizaliwa Nairobi, kwa sababu Nairobi ndiko watu wenye ujuzi tofauti walikuwa wanakutana.

Ukitoka Nairobi je?

Enda Kisumu. Wasichana watano wa Kisumu Girls waliunda programu ya simu inayoitwa i-Cut, ya kusaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji kupata usaidizi. Menta wao alikuwa Dorcas Owinoh wa LakeHub, kituo cha ubunifu cha huko huko Kisumu. Mwaka 2017 walifika fainali za Technovation kule California. Mwaka 2019 wakaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Walikuwa wanafunzi wa sekondari na mtu mmoja aliyekubali kukaa nao.

Voi iko na Sote Hub, iliyotokana na kazi ya kufunza vijana wa shule za Taita Taveta teknolojia na biashara. Mombasa iko na Swahilipot, mahali wasanii na watu wa kompyuta wanakaa pamoja. Hawa wote hawakungoja Nairobi iwaite.

Hata Marekani stori ni hiyo. Boulder ni mji wa watu kama laki moja hivi, lakini uko na stataapu nyingi, yaani kampuni changa zenye aidia mpya. Mwekezaji mmoja wa huko, Brad Feld, aliandika kitabu Startup Communities mwaka 2012 akieleza sababu. Kwa kifupi: wafanyabiashara wenyewe ndio waongoze, mlango uwe wazi kwa kila mtu, kuwe na shughuli za maana za mara kwa mara, na watu wafikirie miaka 20 mbele. Pia anasisitiza mtu atoe kabla ya kuuliza atapata nini.

Ukiangalia vizuri, shosho yako anajua hiyo ya mwisho. Wakikuyu waliiita ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu.

Sasa Subukia tuanze aje?

1. Tafuta wasee kumi, si ofisi. Mwenye agrovet, mama wa posho mill, fundi wa welding, mkulima wa avokado, dem anauza nguo mtandaoni, mwalimu wa biashara, meneja wa SACCO aliyestaafu. Chagueni siku moja kila mwezi na msiibadilishe. Hoteli ya chai inatosha.

2. Mwenye biashara aongoze. MCA, chifu, shirika na watu wa campus wakaribishwe, wapewe chai, wasikilizwe. Lakini wakishika usukani, uchaguzi ukifika ama ufadhili ukiisha, mbogi inakufa.

3. Kila mkutano, mtu mmoja na shida moja. Aje na hesabu zake kwa karatasi. Wengine wanauliza, wanashauri, wanampa namba ya mtu. Mwezi ukifuata anasema alifanya nini. Hapo ndipo utajua nani ni wa kazi na nani ni wa stori za jaba.

4. Mpate kazi moja ya pamoja. Kila Oktoba mahujaji Wakatoliki kutoka kona zote za nchi hujaa kwenye madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria hapa Subukia. Hao ni wateja wanakuja hadi mlangoni. Chakula, maji, mahali pa kulala, boda, yogati ya Kabazi: nani anapanga, na anaanza lini? Mkianza Juni mkiwa pamoja, mnaweza kuuza kama watu wamejipanga. Mkianza wiki moja kabla, kila mtu atauza mahindi choma yale yale.

5. Changanyeni watu. Hapa tunaongea Kikuyu, Kikale na Kiswahili, na historia yetu si rahisi. Mbogi ya kabila moja, ama ya wanaume peke yao, inajinyima wateja na mamenta. Isitoshe, watu wanaodaiana mzigo na kujuliana bei huwa na sababu ya kupigiana simu mambo yakiharibika.

6. Mkishazoeana, jisajilini. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka angalau wanachama kumi. Ukiwa na cheti, hata kuuliza nafasi kwenye kituo cha serikali cha ubunifu kunakuwa rahisi. Lakini cheti kisitangulie urafiki.

Chunga hizi

Menta anayeitisha pesa ndio akusikilize, huyo anauza kitu. Menta anayetaka nusu ya biashara wiki ya kwanza, kimbia. Na wewe pia usiwe msee wa kuchukua tu. Ukifunzwa kuhesabu chupa, funza mwingine.

Kuna wale wanaogopa aidia yao itaibiwa. Kama uko na jina ama nembo ya maana, KIPI, ile taasisi ya serikali ya hakimiliki za viwanda, itakusajilia. Lakini yogati si siri. Kitu hakiibiki kirahisi ni vile unaamka saa kumi kukusanya maziwa, na vile wateja wanakuamini. Aidia iliyofichwa chini ya godoro haijawahi kulipa fees ya mtu.

Na usitarajie miujiza. Mwaka wa kwanza, kwa hao kumi watatu wataacha kuja. Biashara zingine zitafungwa. Kama ile siku ya mwezi bado iko, na bado kuna mtu wa kuuliza "ngapi ziliharibika?", mko mahali pazuri kuliko jengo tupu lenye bango jipya.

Haya msomaji wetu wa Subukia, kama mngekutana Jumamosi hii, wewe ungemwita nani awe menta wako wa kwanza, na wewe ungeenda kumfunza nani?