Je, Wajua? Nyasi Hunywa Mawe

Ukikatiza shamba la miwa au kichaka cha mabingobingo ukiwa umevaa kaptula, utatoka na mistari myembamba ya damu miguuni. Pembezoni mwa majani hayo kuna vijino vidogo ambavyo jicho halivioni, vimekakamazwa kwa silika, kitu kilekile kinachopatikana kwenye mchanga na kwenye kioo cha dirisha.

Mmea haukuitengeneza silika hiyo, uliinywa. Maji yaliyomo udongoni huyeyusha mawe na mchanga kidogokidogo, na kilichoyeyuka huvutwa na mizizi. Mpunga una hata milango maalumu ya kazi hiyo. Mwaka 2006 Jian Feng Ma wa Chuo Kikuu cha Okayama, Japani, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wameipata protini iliyokaa upande wa nje wa seli za mzizi, inayoruhusu silika kuingia. Mwaka uliofuata wakaipata ya pili, upande wa ndani wa seli hizohizo, inayoisukuma kuelekea kwenye mishipa ya kupandishia maji. Moja hupokea, nyingine hukabidhi. Mpunga wenye hitilafu katika mlango wa kwanza hupata silika haba, na wadudu huushambulia kwa urahisi zaidi.

Jani nalo hufanya kazi kama shamba la chumvi. Maji hupaa kupitia vitundu vyake, silika inabaki. Ikizidi kujazana huganda ndani ya seli na kwenye kuta zake ikawa opali, ndugu wa kile kito kinachovaliwa kwenye pete. Ikishaganda haihami tena, na ndiyo sababu jani lililokomaa huwa na silika nyingi kuliko jani changa. Kwenye mpunga inaweza kufika asilimia 10 ya uzito wa mashina na majani makavu, kiasi kinachoipita hata naitrojeni, ambayo mkulima huinunua kwa mifuko.

Je, wajua kwamba unaweza kuiona silika hii bila darubini? Nenda kwenye mashine ya kukobolea mpunga, chukua pumba, uzichome hadi ziwe nyeupe. Ganda limeungua, lakini umbo lake bado lipo. Katika kila kilo tano za pumba hubaki karibu kilo moja ya majivu, na zaidi ya asilimia 85 ya majivu hayo ni silika.

Kwa nini nyasi zijibebeshe mawe? Jibu moja lilitoka Serengeti. Mwaka 1983 Samuel McNaughton na J. L. Tarrants walichapisha utafiti juu ya nyasi za hifadhi hiyo. Zilizotoka sehemu zenye malisho makali zilikuwa na silika nyingi zaidi kwenye majani kuliko zile za sehemu ambazo wanyama hawali sana. Zaidi ya hapo, nyasi zilizokatwa majani ziliongeza silika katika majani yao. Mimi hili ndilo linalonisisimua kuliko yote: nyasi tunayoiona imelala tu chini ya kwato za nyumbu inajibu, tena kwa silaha iliyochota ardhini. Hata nzige hupata tabu, kwa kuwa silika huzuia seli za jani zisipasuke, na chakula kilichomo humpita mdudu bila kumfaa.

Kila kundi la nyasi hufinyanga vijiwe vyake. Vya mahindi na mtama vingi vina kiuno katikati. Mpunga una vingine vilivyotanuka kama kipepeo cha kuchochea mkaa. Wataalamu huviita fitoliti, na huvisoma ili kujua mmea gani uliota mahali fulani zamani.

Mwaka 2005 vilisomwa kwenye kinyesi cha dinosaria kilichogeuka jiwe, katikati ya India. Wengi waliamini kwamba nyasi zilishamiri baada ya dinosaria kutoweka. Lakini ndani ya kinyesi hicho, chenye umri wa zaidi ya miaka milioni 65, mlikuwa na fitoliti za aina kadhaa za nyasi, baadhi zikiwa za ukoo ulio karibu na mpunga. Majani yalikuwa yameoza zamani. Vijiwe vilibaki na umbo la seli vilimoganda.